UKUMBI WA MWALIMU: Kompyuta Ndogo Isiyo na Ufunguo



Kwa muda sasa tumekuwa tukiulizwa swali moja na wazazi mbalimbali, wengine mlangoni mwa madrasa, wengine harusini, na mmoja hata katika hitima: mtoto anataka kompyuta, je, tumnunulie ipi? Kila aulizaye huongeza maneno yale yale, kwamba ya bei kubwa hana uwezo nayo, na simu ameichoka. Hatukupenda kutoa jibu kabla ya kulijaribu wenyewe. Sasa tumelijaribu nyumbani kwetu, sisi pamoja na mjukuu wetu wa miaka kumi na mmoja, na tuliyoyapata tunayaandika hapa. Baadhi yake hayatupi sifa, lakini mwalimu anayeficha kosa lake amewanyima wanafunzi nusu ya somo.

Chombo chenyewe

Jina lake ni Raspberry Pi. Ni kompyuta iliyojengwa juu ya kibao kimoja tu. Haina kasha, haina kiwambo, haina kibodi. Kibao cha kawaida kina urefu wa milimita 85 na upana wa milimita 56, takriban sawa na kadi ya benki. Juu yake mna vipande vyeusi, vitundu vya kuchomekea waya, na safu mbili za vijiti vyembamba vya chuma, jumla yake 40. Anayekiona kwa mara ya kwanza hudhani kimeng'olewa ndani ya redio mbovu. Bibi wa nyumba yetu alikaribia kukitupa pamoja na karatasi zilizokifungia.

Asili yake ni mji wa Cambridge, hapa hapa Uingereza. Katikati ya miaka ya 2000, Eben Upton na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cambridge waliona kwamba vijana wanaoomba kusoma taaluma ya kompyuta wanapungua, na hata wale wanaokuja hawana mazoea ya kuandika programu kama waliowatangulia. Walipotafuta sababu, walikumbuka utoto wao. Watoto wa miaka ya 1980 walikua na mashine kama BBC Micro, iliyotolewa mwaka 1981 na kampuni ya Acorn ya huko huko Cambridge. Mashine ile ukiiwasha haikukuletea picha wala mchezo. Ilikungojea uandike amri. Mtoto alilazimika kuiambia la kufanya, na kwa kuiambia akajifunza. Vyombo vilivyofuata vilikuja vimekwisha kukamilika na kufungwa, na kazi ya mtoto ikabaki kubonyeza.

Basi wakaunda taasisi ya hisani, ikaandikishwa mwaka 2009, na tarehe 29 Februari 2012 kibao cha kwanza kikaanza kuuzwa kwa dola 35 za Marekani. Mwaka 2015 walitoa kidogo zaidi, kiitwacho Zero, kwa dola 5, na wakakibandika bure juu ya jalada la jarida lao. Bei hupanda na kushuka, na hutegemea ukubwa wa kumbukumbu, kwa hiyo ulizeni dukani kwanza kabla ya kumpa mtoto ahadi.

Vitu vya kutafuta

Kwanza, kibao. Kwa anayeanza, Raspberry Pi 4 iliyotoka mwaka 2019 inatosha na kusaza; si lazima kukimbilia ile ya 5 iliyokuja mwaka 2023. Kumbukumbu ya gigabaiti 2 yatosha kwa kuandika programu, na 4 ni bora kama mtoto atafungua na kurasa za intaneti.

Pili, chaja. Hapa wengi hujikwaa, kwa kudhani kwamba chaja yoyote ya simu itafaa. Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Ukiipa umeme pungufu, alama ya radi hujitokeza pembeni mwa kiwambo, kazi huzorota, na pengine mashine hujizima katikati ya shughuli.

Tatu, kadi ya kumbukumbu ya aina ya microSD, gigabaiti 32. Chombo hiki hakina diski ya ndani. Kila kitu chake, tangu mfumo unaokiendesha hata kazi za mtoto, kimo ndani ya kadi hiyo ndogo kama ukucha.

Nne, waya wa kiwambo. Vitundu vya HDMI vya Raspberry Pi 4 ni vidogo, na waya wa kawaida wa televisheni hauingii. Ombeni waya wenye ncha ya micro HDMI upande mmoja. Sisi tulirudi dukani mara mbili kwa kutolijua hili.

Tano, kibodi na kipanya. Vya zamani vilivyolala kabatini vinafaa. Na kwa kiwambo, televisheni ya ukumbini yatosha, nayo ina faida nyingine: mtoto hawezi kujificha nayo chumbani, na kila apitaye anaona kinachofanyika.

Wale wenye watoto wachanga wanaotia kila kitu mdomoni, watazameni Raspberry Pi 400 iliyotoka mwaka 2020. Hiyo imo yote ndani ya kibodi, wala hakuna kibao kilicho wazi.

Kuiwasha na kuizima

Kadi mpya ni tupu, na lazima iandikwe mfumo kwanza. Kwa kazi hii mtahitaji kompyuta nyingine kwa nusu saa. Asiye nayo na aazime kwa jirani. Shusheni programu ya bure iitwayo Raspberry Pi Imager. Itakuulizeni mambo matatu: aina ya kibao, mfumo mnaoutaka, na kadi ya kuandikia. Mfumo wa kuchagua ni Raspberry Pi OS. Kisha itakupeni nafasi ya kuweka jina la mtumiaji, neno la siri, na mtandao wa Wi-Fi wa nyumba. Yajazeni hayo hapo hapo, na neno la siri liandikeni katika daftari. Tena angalieni sana kadi mliyoichagua, kwa maana kila kilichokuwamo ndani yake kitafutwa. Msije mkafuta picha za harusi ya binti yenu.

Kadi ikiwa tayari, ichomekeni chini ya kibao, kisha kiwambo, kibodi na kipanya, na umeme uwe wa mwisho. Raspberry Pi 4 haina swichi. Ukiipa umeme imewaka. Baada ya muda mfupi mtaona uwanja wa kazi kama wa kompyuta yoyote.

Kuizima ndiko kunakotaka adabu. Lazima uiamuru ijizime kwa kupitia menyu, ungoje kijitaa cha kijani kiache kumetameta, ndipo uchomoe waya. Ukiikatia umeme ilhali inaandika katika kadi, yaliyoandikwa huweza kuharibika, na siku ya pili isiwake. Kanuni hii tunaipigia mstari kwa sababu sisi ndio tulioivunja.

Kosa letu

Kila usiku kabla ya kulala sisi hupita nyumba nzima tukizima taa. Ni ada tuliyokuja nayo kutoka nyumbani, nayo imezidi nguvu tangu tuanze kulipia umeme wa nchi hii. Usiku mmoja tukaona ukumbini kijitaa cha kijani kinametameta. Mjukuu alikuwa ameiacha mashine ikishusha na kujiwekea mafaili mapya ya mfumo. Hatukumwuliza mtu, tukachomoa waya, tukaenda kulala na roho safi.

Asubuhi chombo hakikuwaka. Na ndani ya kadi ile mlikuwa na mchezo wa kipa na mpira alioutengeneza mwenyewe kwa majuma matatu, kila siku akitoka skuli. Nakala yake haikuwapo pengine popote. Sisi, badala ya kutafuta sababu, tulimshukia kwa maneno: kwamba watoto wa zama hizi hawatunzi kitu, na kwamba tulijua tangu mwanzo kuwa hakiwezi kuishi mwezi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Babu, jana usiku nani alichomoa waya?"

Tulinyamaza. Mtoto akaelewa, wala hakusema neno jingine. Alikwenda chumbani kwake, na siku nne hakukigusa kile kibao.

Katika siku hizo nne tulikumbuka jambo lililotokea zamani. Katika miaka ya 1990, skuli tuliyokuwa tukisomesha ililetewa kompyuta moja ya msaada. Iliwekwa katika chumba cha pembeni na kufunikwa kitambaa cha kudarizi, na ufunguo wa chumba tukakabidhiwa sisi. Tuliona fahari kubwa. Wanafunzi waliruhusiwa kuja kuitazama kwa zamu, darasa kwa darasa, mikono nyuma. Walitusihi waiguse, nasi tukasema ngojeni mpaka mfundishwe, kwa kuchelea isiharibike. Hakuja wa kuwafundisha. Unyevunyevu wa pwani na umeme wa kukatikakatika vikaimaliza taratibu chini ya kitambaa chake. Hakuna mtoto aliyeiharibu, kwa kuwa hakuna mtoto aliyeigusa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwetu siku zote hizo.

Siku ya tano tulimwita mjukuu tukamwomba radhi. Si jambo jepesi kwa mtu wa umri wetu na malezi yetu kumwambia mtoto, "Kosa lilikuwa letu, na maneno yale hukuyastahili." Tunawaambia wazazi wenzetu kwamba halikutupunguzia heshima hata chembe. Alitutazama kidogo, kisha akasema kibao hakikufa. Kilichoharibika ni kadi tu, na kadi huandikwa upya. Tukakaa pamoja tukaiandika. Kazi ya nusu saa ikakirudisha chombo kama kilivyotoka dukani, ila mchezo wa kipa haukurudi.

Hapo ndipo tulipokifahamu kile kibao. Kompyuta ya skuli yetu ilikuwa moja, ya thamani kubwa, na kosa moja lingeweza kuwa la mwisho. Hiki kimetengenezwa ili mtoto aweze kukosea, na akikosea katika programu, dawa yake ni kuandika tena.

Saa ya Kiswahili

Mtoto hakuwa na moyo wa kuuanza upya mchezo wake, nasi tukampendekezea kazi ndogo tunayoijua. Wasomaji mnajua masaibu ya saa katika nyumba zetu za huku. Bibi akisema, "Njoo ule saa saba," mtoto aliyezaliwa hapa huja saa moja ya usiku, wali umekwisha kupoa na Bibi amekwisha kukasirika. Mjukuu wetu alikwisha kuhesabiwa mtovu wa adabu kwa ajili hiyo, na kumbe alifuata namba aliyoisikia. Tukamwambia, "Hebu ifundishe mashine saa ya Kiswahili."

Ndani ya Raspberry Pi OS mna programu iitwayo Thonny, ya kuandikia lugha ya Python, ambayo ni lugha nyepesi kwa anayeanza. Aliandika mistari hii mitatu, nanyi mnaweza kuinakili kama ilivyo:

saa = int(input("Saa ya Kizungu ni ngapi? "))
jibu = (saa + 6) % 12
print("Kwa Kiswahili ni saa", jibu)

Mstari wa kwanza unauliza saa, kuanzia 0 hadi 23, na kuitunza. Wa pili unaongeza sita, kisha unachukua baki baada ya kugawa kwa kumi na mbili. Alama ile ya asilimia hapa maana yake ni baki. Wa tatu unatangaza jibu. Tukaijaribu kwa 13: kumi na tatu na sita ni kumi na tisa, ukigawa kwa kumi na mbili inabaki saba. Mashine ikasema saa 7. Bibi akaitikia kutoka jikoni kwamba ndivyo.

Sisi tungeridhika hapo. Mtoto hakuridhika, akaijaribu saa moja moja, zote ishirini na nne. Alipofika 6, mashine ikasema, "Kwa Kiswahili ni saa 0." Alicheka mpaka akashika mbavu, kwa sababu hata yeye alijua kwamba hakuna saa sifuri duniani kwetu. Kisha akanyamaza, akafikiri, na kabla ya mstari wa mwisho akaongeza miwili:

if jibu == 0:
    jibu = 12

Yaani, baki ikiwa sifuri, basi sema kumi na mbili. Angalieni ile nafasi mwanzoni mwa mstari wa pili. Ndiyo inayoiambia Python kwamba mstari huo uko chini ya sharti lililotangulia, na ukiiacha programu itagoma. Hatukumsaidia kwa neno hata moja. Kosa alilitafuta mwenyewe, akaliona, akalirekebisha.

Lililotufurahisha zaidi lilifuata. Alituuliza, "Lakini kwa nini tunahesabu hivi?" Huyu ni mtoto ambaye kila tukitaka kumsomesha Kiswahili hutazama mlango. Tukamweleza kwamba kwetu, karibu na mstari wa ikweta, jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na kwa hiyo saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, kama saa moja ya usiku ilivyo ya kwanza baada ya jua kuzama. Akasema, "Lakini hapa London haiwezi." Kweli haiwezi, kwani mwishoni mwa Desemba jua la London huchomoza baada ya saa mbili asubuhi kwa hesabu yetu, na mwishoni mwa Juni kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Tangu hapo akataka mashine iseme pia asubuhi, mchana, jioni, usiku na alfajiri, na ilimbidi atuulize kila neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Tulibishana na Bibi kuhusu mpaka wa alasiri na jioni kwa muda mrefu, naye akitungoja tukate shauri ili aandike.

Majuma yote yale tulidhani tunamnunulia mtoto elimu ya kompyuta. Hatukutarajia kwamba ili kuifundisha mashine Kiswahili ingempasa kwanza akijue, na kwamba angekitafuta kwetu kwa hiari yake.

Nasaha zetu

Kwa hayo tuliyoyapitia, tunawausia wazazi mambo manne. La kwanza, nakala: mtoto ahifadhi kazi zake pia katika kifaa kidogo cha USB kila juma, na babu asichomoe waya asioujua. La pili, wale vijiti 40 vya chuma ni vya kuunganishia taa na vipimo, na vinaweza kungoja. Wakati wake ukifika, mjue kwamba njia zake za kupokea na kutoa ishara zimepimwa kwa volti 3.3, ukiziingizia volti 5 unaweza kukiua kibao, na taa ndogo ya LED huwekewa kizuizi cha umeme, ohmu 330 kwa mfano, isije ikaungua. La tatu, kaeni na mtoto. Chombo hiki kina intaneti kama kingine chochote, na anayeachwa peke yake atarudi kwenye video zile zile. La nne, mezani hapo semeni Kiswahili. Asiyeweza kununua peke yake, ashirikiane na familia ya pili. Watoto wawili wanaobishana juu ya kosa moja hujifunza haraka kuliko mmoja.

Jumamosi iliyopita Bibi alimwambia mjukuu kwa simu, "Kesho njoo saa nane kasorobo, nakupikia biriani." Saa nane kasorobo kamili, mchana, kengele ya mlango ikalia. Bibi alitazama saa ya ukutani, kisha akatutazama sisi, na sahani ya kwanza ikaenda kwa mtoto.

Mwenye swali, au aliyekwama mahali, na amwandikie mhariri, naye atatufikishia. Mwezi ujao, inshaallah, tutaeleza jinsi ya kuwasha taa ya kwanza kwa vile vijiti, tukiwa tumekwisha kuijaribu wenyewe na kukosea kwanza.

Wabillahi tawfiq.